Mawio na machweo: kitendawili cha mji kwenye kikundi cha ukoo

Tarehe 21 Desemba, usiku

Baraka (Dar es Salaam): Shikamooni wazee wangu wote. Kitendawili!

Neema (Mweka): Tega.

Baraka: Kuna mji ambao leo jua lake limechomoza saa 5:04 asubuhi na kuzama saa 12:53 jioni. Saa zote mbili ni za Tanzania, si za huko. Kwa desturi anayeshindwa hutoa mji ili apewe jibu, lakini safari hii mji ndio unaotafutwa, kwa hiyo naomba hesabu, na asiwepo wa kuuliza simu.

Mama Baraka (Arusha): Marahaba mwanangu. Sisi hapa Arusha leo limetoka saa 12:22, na kwao limetoka saa 5:04. Tumewatangulia kwa saa nne na dakika 42. Mahali panapochelewa hivyo patakuwa magharibi ya mbali, labda Amerika ya Kusini.

Elisante (Moshi): Dada, mawio peke yake yatatupeleka pasipo. Jua huchelewa kutoka kwa sababu mbili ambazo hazihusiani: mahali pakiwa upande wa magharibi, au mchana wa mahali hapo ukiwa mfupi. Ukitazama mawio tu, sababu hizo mbili zimechanganyika na huwezi kuzitenganisha. Zinatengana mara tu unapotafuta katikati ya mchana, yaani wakati jua lilipofika juu kabisa, kwa kuwa mchana mfupi hukatwa sawasawa asubuhi na jioni, na katikati yake haisogei. Kutoka saa 5:04 hadi saa 12:53 ni saa saba na dakika 49. Nusu yake ukiijumlisha na mawio unapata saa 8:58 na nusu dakika, alasiri. Sasa tulinganishe na kwetu Moshi, ambako leo jua limetoka saa 12:19 na kuzama saa 12:38, na katikati yake ni saa 6:28 na nusu dakika.

Baraka: Tofauti ni saa mbili na nusu kamili, Mjomba.

Elisante: Ndiyo. Dunia hujizungusha digrii 15 kwa saa, yaani digrii moja kila dakika nne, kwa hiyo saa mbili na nusu ni digrii 37 na nusu kuelekea magharibi ya Moshi. Moshi iko kwenye longitudo ya 37.3 mashariki. Ukitoa, unafika karibu kabisa na sifuri.

Neema: Longitudo ya sifuri hupita Tema kule Ghana, ikakata Mali na Algeria, ikapita Hispania na Ufaransa, kisha Greenwich. Amerika ya Kusini imeshatoka, Shangazi. Tena Baba amefanya jambo zuri kulinganisha na Moshi siku hiyo hiyo. Angehesabu kutoka saa sita kamili, angelazimika kukumbuka kwamba jua lenyewe haliendi sawa na saa zetu mwaka mzima: mwanzoni mwa Novemba hutangulia kwa dakika 16, katikati ya Februari huchelewa kwa dakika 14, na leo limetangulia kwa takriban dakika mbili. Ukilinganisha miji miwili kwa siku moja, kasoro hiyo hujifuta yenyewe, kwa sababu ni ile ile kwa dunia nzima.

Babu (Kibosho): Marahaba wajukuu zangu. Nimefuata mpaka hapo. Longitudo imepatikana kutokana na katikati ya mchana, na sasa umebaki urefu wa mchana wenyewe. Elisante, nieleze kwa maneno kwanza, halafu ndipo ulete namba.

Elisante: Shikamoo Baba. Mhimili wa dunia umelala kwa digrii 23.44, na leo ndiyo siku ambayo ncha ya kaskazini imegeukia mbali na jua kuliko siku nyingine zote. Kwa hiyo leo, kadiri mtu anavyokwenda kaskazini ndivyo mchana unavyomfupikia, na kadiri anavyokwenda kusini ndivyo unavyomrefukia. Sisi tulio karibu na ikweta hatuoni mabadiliko makubwa: mchana wa Moshi ni saa 11 na dakika 56 mwezi Juni, na saa 12 na dakika 19 leo, tofauti ya dakika 23 tu kwa mwaka mzima. Huo mji wa Baraka una saa saba na dakika 49. Huko ni kaskazini sana, na Tema haiwezi kuwa jibu.

Sasa namba. Chukua nusu ya mchana, igeuze iwe digrii kwa kuzidisha saa kwa 15, utapata digrii 58.6. Kosaini yake ni 0.52. Igawanye kwa tanjenti ya 23.44, ambayo ni 0.434, na jibu, 1.2, ni tanjenti ya latitudo mnayoitafuta. Hiyo ni digrii 50.2 kaskazini.

Baraka: Mjomba, digrii 50.2 kaskazini kwenye longitudo ya sifuri ni baharini, katikati ya Uingereza na Ufaransa. Mimi nimesema mji.

Elisante: Ndivyo, na hapo ndipo penye utamu wa kitendawili chako. Hesabu hiyo inadhani jua ni nukta, na kwamba mwanga husafiri umenyooka. Kumbe kalenda huhesabu mawio pale ukingo wa juu wa jua unapojitokeza, si kitovu chake, na tena hewa hupinda mwanga kiasi kwamba tunaliona jua likiwa bado chini ya upeo. Vitu hivyo viwili pamoja ni kama digrii 0.83, na vyote viwili hurefusha mchana. Kwetu Moshi, ambako jua hupanda karibu wima, nyongeza hiyo ni kama dakika saba kwa siku. Kule kaskazini jua la Desemba hutoka kwa mshazari, likikokoteka kandokando ya upeo, kwa hiyo nyongeza hukaribia dakika 14. Zitoe kwenye saa saba na dakika 49, rudia hesabu ile ile, na latitudo inapanda hadi digrii 51 na nusu.

Mama Baraka: London!

Baraka: Ni London, Mama. Hongera Mjomba.

Babu: Dakika 14 ndizo zilizotutoa majini zikatupandisha nchi kavu. Hilo limenifurahisha sana. Waholanzi waliliona jambo hilo zamani. Mabaharia wa Willem Barents, mvumbuzi wa Kiholanzi, walionaswa na barafu kisiwani Novaya Zemlya, kaskazini ya mbali ya Urusi, waliliona jua likirudi mwezi Januari 1597, karibu wiki mbili kabla ya siku waliyoitarajia, kwa sababu hewa ya baridi kali ilikuwa imepinda mwanga kupita kiasi.

Baraka: Mimi nina swali la nyumbani. Hapa Dar jua limetoka saa 12:06, dakika 13 kabla ya Moshi, nami nilitegemea lizame mapema vilevile. Lakini limezama saa 12:37, na kwenu 12:38. Tumezamiwa karibu pamoja.

Elisante: Dar iko mashariki yetu, kwa hiyo kila kitu chake kinatangulia kwa takriban dakika saba hadi nane. Lakini pia iko kusini yetu, na leo kusini kuna mchana mrefu zaidi: wenu unauzidi wetu kwa dakika 12, sita asubuhi na sita jioni. Asubuhi umashariki na ukusini vinasaidiana, jioni vinapingana na karibu kumalizana. Ndiyo maana ningesema wakati mmoja hauonyeshi mahali bali mstari mrefu wa mahali. Usiku wa leo mstari wa machweo umepita kwenu na kwetu karibu kwa dakika moja, na mtu aliyepewa saa ya machweo tu asingejua kama yuko Kariakoo au Kiboriloni. Akipewa na mawio, anao mstari wa pili, na mistari miwili hukutana.

Kigoma ni mfano wa upande mwingine: leo limetoka saa 12:48 na kuzama saa 1:12 usiku, na saa yao ni hii hii yetu. Wanaofunga Ramadhani wanalijua hili bila hesabu yoyote, maana hakuna wa Kigoma anayefuturu kwa adhana ya Dar.

Roza (Rombo): Shikamoo Baba, shikamoo Kaka. Mimi ninayasoma haya nikiwa Mkuu, na nina pingamizi. Huku kwetu Mlima Kilimanjaro uko magharibi. Mwezi Juni jua hujificha nyuma yake mapema, giza la kivuli linatufunika wakati anga bado jeupe. Mtu akikaa uani kwangu na saa mkononi akaandika alichokiona, hesabu zenu zitamweka wapi?

Elisante: Zitamweka mahali pasipo pake, Roza, na pingamizi lako ni la haki. Namba za kalenda zinachukulia upeo ulio tambarare kama wa bahari. Machweo yako yakiwahi, mchana wako utaonekana mfupi na katikati yake itasogea mapema, kwa hiyo makosa yatakuwa ya longitudo na ya latitudo kwa pamoja. Arusha wana mfano wa asubuhi: katikati ya Juni jua hutokea upande ule ule wa Kibo, na anayelitazama kutoka mahali penye uwazi hulingoja dakika kadhaa zaidi. Aliye kilele cha Uhuru ana hali ya kinyume: upeo wake uko chini sana, hivyo huliona jua karibu dakika kumi kabla ya aliye tambarare.

Neema: Na mimi nitege. Leo, katika mji fulani, jua limetoka saa 4:13 asubuhi na kuzama saa 1:35 usiku, kwa saa za ukutani za mji huo huo. Nchi sitaitaja.

Baraka: Mchana ni saa tisa na dakika 22, na katikati yake ni saa 8:54. Saa ya huko inakwenda mbele ya jua kwa karibu saa tatu! Lakini bila kujua saa hiyo imepangwa kwa longitudo ipi, sioni pa kuanzia.

Elisante: Pa kuanzia papo. Urefu wa mchana ni tofauti kati ya saa ya mawio na saa ya machweo, kwa hiyo hata saa ya ukutani ikisogezwa mbele kiasi gani, urefu haubadiliki. Latitudo iko salama: napata takriban digrii 39 na nusu kaskazini. Kilichopotea ni longitudo tu, na hiyo haipatikani kwa kukokotoa, ila kwa kuwaza ni serikali gani iliyoweka saa mbali na jua kiasi hicho. China nchi nzima hutumia saa ya Beijing, iliyopangwa kwa longitudo ya 120. Ongeza dakika mbili za jua lililotangulia, zinakuwa dakika 176, yaani digrii 44 magharibi ya hapo. Longitudo ni 76. Je, ni Kashgar?

Neema: Ni Kashgar, Baba. Beijing yenyewe, kwa saa hiyo hiyo, leo limetoka saa 1:33 asubuhi, na mchana wao unakaribiana na wa Kashgar kwa tofauti ya dakika mbili.

Mama Baraka: Nimeyafurahia sana, lakini nauliza kwa dhati: wapo wanaolitegemea jambo hili kwa kazi, wakati kila simu inajua ilipo?

Neema: Wapo, Shangazi. Ndege mdogo hawezi kubeba simu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulimfuata buabua wa Aktiki kwa kifaa cha gramu 1.4 kilichofungwa mguuni, chenye saa na kipima mwanga, bila mawasiliano yoyote na setilaiti. Kiliandika mwanga ulivyopanda alfajiri na kushuka jioni, na ndege aliporudi kuzalia akakamatwa tena, watafiti wakafanya hesabu hizi hizi za Baba kwa kila siku ya safari yake. Walikuta kwamba kwa wastani huruka kilomita 70,900 kwa mwaka, kutoka Greenland hadi bahari za Antaktiki na kurudi. Wingu zito au kivuli huwapotosha kama mlima unavyompotosha Shangazi Roza, kwa hiyo wanakubali makosa ya kilomita mia na zaidi.

Babu: Na siku zile za Machi na Septemba, mchana na usiku zinapolingana dunia nzima?

Neema: Hapo latitudo hupotea kabisa, Babu. Karibu na tarehe 20 Machi mchana wa Moshi na mchana wa London hutofautiana kwa dakika chache tu, na kosa dogo la kipima mwanga linaweza kumhamisha ndege maelfu ya kilomita kaskazini au kusini. Longitudo hubaki nzima, kwa kuwa katikati ya mchana haikuguswa. Wiki zinazozunguka siku hizo watafiti huziacha bila latitudo.

Baraka: Basi cha kesho nitakitega kwa saa za Tanzania, na mji wenyewe uko kusini ya ikweta.

Babu: Umeshatupa nusu ya latitudo, Baraka. Longitudo niachieni mimi.