Nasaka alama za wapimaji wa zamani mjini Nairobi, nishaurini kabla sijalala ndani

MjukuuWaCheni:
Wadau, habari za jioni. Guka (babu) wangu alikuwa mshika cheni, ule mnyororo wa kupimia, wa wapimaji ardhi miaka ya sitini. Alipotuacha tulipata daftari lake limejaa namba kama 5,471.32, kila moja na neno kando: "kalvati", "ngazi ya jiwe", "BM". Tangu hapo kila Jumamosi nashukia Railways, natembea macho chini kama aliyeangusha shilingi.

Nimepata vyuma vinne vilivyozikwa kwenye simiti huko Eastlands, na mshale uliochongwa kwenye ngazi ya jengo kuukuu la tauni. Huo mshale ulinitoa jasho. Nimepiga magoti napiga picha, soja akanikamata kola. Nikamwambia natafuta kimo cha juu ya bahari. "Bahari gani, hapa Nairobi?" Aliniachilia nilipofuta picha.

Nitajuaje benchimaki halisi, yaani hiyo BM, alama ya kimo? Na nitatafutaje bila kuonekana mwizi? Halafu simu yangu inatoa kimo tofauti kabisa na cha guka.

StafuNaKiputo:
Pole, ndugu. Hivyo vyuma vya Eastlands ni bikoni za ploti, karibu naapa. Bikoni hukuambia ploti ya fulani inaishia hapa, basi. Benchimaki haina habari na ploti ya mtu. Yenyewe husema hapa umepanda kiasi hiki kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe ni ya Mombasa. Mpimaji anasimamisha levo (darubini ya kupimia usawa) katikati, anasoma stafu (ufito mrefu wenye vipimo) iliyo nyuma, anasoma iliyo mbele, tofauti anaiandika, wanasogea, wanarudia. Namba ikapandishwa hivyo hadi huku bara, hatua kwa hatua, na guka wako ni kati ya waliotoka jasho.

Kwa hiyo tafuta kitu ambacho mtu angeamini hakitahama: kalvati la zamani, ukingo wa daraja, msingi wa jengo la mawe. Mshale wako, je, una mstari wa mlalo juu ya ncha? Waingereza kwao huchonga hivyo, na kimo husomwa kwenye mstari. Mshale mtupu ulikuwa tu alama ya mali ya serikali yao, hata nguo za wafungwa zilichapwa mshale huo.

Namba za guka ni futi. Zidisha kwa 0.3048: hiyo 5,471.32 ni karibu mita 1,668, na kwa katikati ya jiji inaingia akilini. Simu usiilaumu sana. GPS hupima kutoka umbo la dunia la kihesabu, si kutoka baharini, na hapa Nairobi tofauti ya hivyo viwili inapita mita kumi.

Kalvati_254:
Unahangaikia nini? Nenda mnara wa Galton Fenzi, kona ya Kenyatta Avenue na Koinange. Namba zimejaa na soja hakufukuzi.

StafuNaKiputo:
@Kalvati_254 zile ni umbali wa kwenda miji mingine, bosi. Ni ukumbusho wa mwanzilishi wa chama cha wenye magari.

DadaWaRuaraka:
Kaka, toa kopi ya daftari (lenyewe liache nyumbani!) uende Survey of Kenya, Thika Road, uulizie rekodi za BM. Usichimbe wala kung'oa chochote, Sheria ya Upimaji, Sura 299, inalinda hizo alama. Na soja msalimie kwanza, mwonyeshe mwandiko wa guka ndipo utoe simu. Majengo ya serikali usiyapige picha kabisa. Mimi Mombasa Road nilishakata tamaa tangu Expressway ijengwe, lakini vichochoro vya karibu na reli bado nina imani navyo.

MjukuuWaCheni:
Asanteni sana. Mshale hauna mstari, nimeusamehe. Ila leo nimefuata lile neno "kalvati" hadi kichochoro kimoja nyuma ya reli. Kuna jiwe la simiti lina herufi B, na inayofuata imefunikwa na jiko la mama wa mandazi. Nimenunua mandazi sita nikimbembeleza alisogeze. Amekataa, mafuta yako motoni. Nirudi Jumapili, siku hapiki.

Kalvati_254:
Niletee mawili.