Ati gari "linanikataa"! Fundi yule ashukuru mama mkwe alikuwepo

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Yule bingwa wa gereji ya mtaani kwetu asithubutu kunipigia simu leo. Mnamjua. Kila anayepita ile barabara ya vumbi anamjua: wa chini ya mwembe, ovaroli ameivaa tangu Mkapa yuko Ikulu, biro iko sikioni na haijawahi kuandika risiti hata ya mia tano. Simtaji jina, akijisoma humu atajiona staa.

Gari ni Toyota IST old model, cc 1290, nimelinunua mkononi mwa mtu. Ugonjwa wake ni kujizimia. Linaweza kutulia wiki nzima ukasahau, halafu siku moja umetoka zako Tabata, foleni imekaza, jua kali, mara pap! Mshale wa rpm umelala, usukani umekuwa mzito, taa za dashibodi zote zinakukodolea macho. Unakaa pembeni robo saa unajifanya unaongea na simu. Ukipiga ufunguo tena linawaka na kunguruma kama paka aliyeshiba.

Nikampelekea bingwa. Chini ya mwembe gari halizimi, ng'o! Akasema plagi, tukabadilisha plagi. Akasema koili, nikashuka Gerezani kununua koili. Akasema pampu ya mafuta, akang'oa siti ya nyuma, na mpaka leo ukiikalia hiyo siti inakurusha. Akasema throto imejaa masizi, akaisafisha kwa petroli niliyonunua mimi, na iliyobaki kwenye dumu sikuiona tena. Juzi ameanza kuniangalia mfuko wa shati huku anataja kontroo boksi, ule ubongo wa gari. Kila kitu alichokitanguliza na neno "labda" nimekilipia. Gari lina spea mpya kuliko yaliyoko yadi, kitu chakavu kilichobaki humo ndani ni dereva.

Sasa njooni leo. Nimetoka stendi ya Magufuli, Mbezi, kumpokea mama mkwe anatokea Lushoto. Ana kapu la mapea, ana jogoo hai kwenye mfuko wa salfeti, yaani amekuja na baraka zake zote. Nafika Ubungo, nakunja kuishika Mandela, pap! Nyuma yangu lori la kontena, pembeni daladala, kila mwenye honi ameikumbuka. Jogoo naye akaanza kuwika. Nikampigia bingwa. Kaja na bodaboda, mwendo wa msafara wa maharusi.

Wakuu, HATA BONETI HAKUFUNGUA. Kaingia, kakaa, kazungusha ufunguo, gari likawaka palepale. Akashuka taratibu, akanitazama kuanzia kandambili mpaka kichwani, akasema kwa sauti ya kusikika Buguruni:

"Bosi, gari halina ugonjwa. Linakukataa."

LINAKUKATAA. Mbele ya mama mkwe! Konda wa daladala kacheka mpaka kashikilia mlango. Na mama, ambaye tangu Mbezi alikuwa kimya na rozari yake, akauliza kwa upole kabisa: "Baba, hivi hili gari lilikuwa la nani kabla yako?"

Halafu bingwa akaomba nauli ya boda, kwenda na kurudi, "na ya usumbufu kidogo". Nikatoa, maana lori lilikuwa linanipumulia kisogoni.

Siombi ushauri. Nataka tu mjue kuna mtu mjini hapa anatoa majibu ya gari bila kufungua boneti. Linanikataa! Linanikataa limekuwa bibi harusi? Hapa nilipo mama anasali sebuleni, wife yuko jikoni anacheka peke yake, na najua anachochekea.

---

Pweza Mkavu: Kabla hatujaenda mbali, jibu swali la mama. Lilikuwa la nani?

Chuma cha Pua: Nimecheka hadi bosi kauliza kuna nini. Uzi ufungwe, mama mkwe kashinda.

Kiroboto Msomi: Hapo "kandambili". Umeenda kumpokea mama mkwe na kandambili, hata mimi ningekuwa gari ningekukataa.

Mleta uzi: @Kiroboto nilikuwa na viatu kwenye buti! Ya kuendeshea ni kandambili, ya kushukia ni viatu. Usiniongezee maumivu.

Fundi Rewaya: Mleta uzi, weka hasira chini dakika mbili. Linazima likishapata moto, likipoa linawaka, na umesema mwenyewe mshale wa rpm unalala palepale. Mimi hapo nakwenda moja kwa moja kwenye sensa ya kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni. Ndani ya ile sensa kuna waya mwembamba umeviringwa. Ukichoka, joto linautenganisha, kontroo boksi haijui tena kranki imefika wapi, inakata moto wa plagi na mafuta kwa mpigo. Ukipoa unagusana tena, ndiyo maana chini ya mwembe, kivulini, gari zima. Ingekuwa pampu, mara nyingi ungelisikia kwanza linakohoa, linavuta na kuachia, ndipo lizime.

Siku likizima tena usimpigie mtu simu. Piga stata huku unatazama mshale. Usipotikisika hata chembe, kuna uwezekano mkubwa sensa haitoi taarifa. Na kama kuna mtu ana mashine ya kupimia, apime likiwa limezima na lina moto. Kupima gari lililopoa ni kumpima malaria mtu aliyekwisha pona. Akikuta kodi ya hitilafu P0335, ile ya sensa ya kranki, umemaliza kazi. Asipokuta, bado usiitoe sensa lawamani, wakati mwingine hairekodi. Kagua soketi yake na waya wa ethi kabla hujanunua. Na ukinunua, achana na sensa ya mtumba, utakuwa umenunua uchovu wa mwenzako.

Mleta uzi: Nimekuelewa mkuu, barikiwa sana. Lakini umeisoma ile sehemu aliyosema linanikataa? Mbele ya mama mkwe? Bila kufungua boneti?

Fundi Rewaya: Nimeisoma. Boneti nayo angefungua asingeona kitu, sensa iko chini kule jirani na puli ya kranki.

Mleta uzi: Kumbe mafundi ni kitu kimoja! Mnalindana!

Kijiko cha Mbagala: Hayo mafuta tu. Vituo vinachanganya mafuta ya taa, nani asiyejua.

Pweza Mkavu: @Kijiko EWURA, wadhibiti wa mafuta, walianzisha vinasaba vya kunasa uchakachuaji tangu 2010, wewe bado uko kule kule. Halafu mafuta mabovu yanachagua kuzima gari siku ya mama mkwe tu?

Dume la Kolomije: Mwanaume mzima, IST. Tatizo lilianzia hapo.

Chuma cha Pua: @Dume heshimu IST. Hiyo gari imesomesha watoto wa watu, imepeleka wagonjwa Muhimbili, imebeba matofali. Wewe una nini?

Dume la Kolomije: Nina Subaru.

Chuma cha Pua: Pole sana ndugu. Uzi wa wenye huzuni uko jukwaa lingine.

Mzee wa Pwani: Gari kumkataa mtu lipo, msicheke. Kuna kitu kinafungwa kwenye tairi la akiba. Mleta uzi njoo inboksi, niko Bagamoyo, unalipa likishakukubali.

Kiroboto Msomi: Mzee, na mke je? Wangu hajanikubali tangu ndoa.

Mama Wawili: Nyie wanaume mnalia na gari, amjuaye fundi cherehani hasemi. Yuko mmoja Kinondoni, wenyewe mnamjua, ana kioo kimepasuka mlangoni. Nilimpa kitenge changu cha send-off ya mdogo wangu. Kila nikienda, "dada njoo jioni, bado vifungo". Jioni bado zipu. Siku ya send-off kafunga duka. Nikaenda na gauni la zamani. Nikaingia ukumbini. KITENGE CHANGU KIMEKAA MEZA YA MBELE, kimevaliwa na mwanamke simjui, na kimemkaa vizuri!

Pweza Mkavu: 😂😂😂 Mama Wawili mbona hukuanzisha uzi?

Bi Kidogo: Ulimvua?

Mama Wawili: Nilitaka. Mama kanishika mkono. Ila nilimkodolea mpaka akashindwa kumaliza pilau.

Mleta uzi: Jamani, tulikuwa kwenye gari.

Kobe Mwepesi: Mama Wawili huo ni mtihani mdogo. Mimi fundi wa kabati. Nilitaka kabati la milango mitatu, tukapatana mninga, advansi nikampa nusu. Kila nikipita naona anapiga randa, moyo unatulia. Kaleta usiku, kwa mkokoteni, umeme umekatika. Asubuhi mlango wa kati haufunguki. Nikamwita. Kaja, kautazama, kasema "bosi, nyumba yako sakafu imepinda". Sakafu! Nyumba ya kupanga, nikampigie mwenye nyumba simu kwamba kabati limeikataa sakafu?

Chuma cha Pua: Hahaha! Linaikataa sakafu! Mleta uzi umepata mwenzio.

Mleta uzi: Hata boneti hakufungua wakuu...

Bi Kidogo: Kaka subiri kwanza tumalize la kabati. @Kobe una uhakika ulipewa mninga?

Kobe Mwepesi: Rangi ilikuwa ya mninga.

Bi Kidogo: Rangi! Kwaruza kwa ndani nyuma ya droo, pale hawapakagi. Ukikuta weupe na harufu ya utomvu, hiyo paini ya Mafinga imepigwa vanishi.

Mama Wawili: Na mlango kukaza ni mbao mbichi. Hawakuikausha, inajikunja ikiwa kwako.

Kobe Mwepesi: Nimetoka kukwaruza sasa hivi.

Pweza Mkavu: Enhe?

Kobe Mwepesi: Nyeupe. Naomba namba ya wakili.

Kiroboto Msomi: Wakili wa nini, ulipewa risiti?

Kobe Mwepesi: Alisema ataniletea na mlango wa kati.