Sororiti za Marekani: niende na mwenzangu wa chumbani au nisubiri? Naomba ushauri

Bint_Makorora
Wakuu heshima kwenu. Niko Ohio, mwaka wa pili, nasomea uuguzi. Chuoni kwetu kuna hivi vyama vya herufi za Kigiriki, fratiniti za wavulana na sororiti za wasichana, na kila mtu ananivutia kwake. Mwenzangu wa chumbani ni Mzungu, anataka muhula ujao tuingie "rush": wiki nzima mnapita nyumba kwa nyumba, mnaimbiwa mlangoni, mnapiga soga dakika chache, mnahamia nyingine, mwisho unapewa bahasha yenye jina la waliokuchagua. Rafiki zangu Wamarekani weusi wanasema niachane na hayo, niangalie Divine Nine, vile vyama tisa vya weusi.

Sasa nimeshaharibu. Juzi kantini niliwaona akina dada wa chama kimojawapo cha hao tisa, nikapiga ule mlio wao wa kuitana, nikidhani nawachangamkia. Meza nzima kimya. Mmoja akaniuliza taratibu, "Uliingia lini?" Nikasema bado, ila nataka. Akarudi kwenye sahani yake. Nimekosea wapi? Na mama yuko Tanga, anaamini yote ni freemason.

Mzee_wa_Columbus
Pole mdogo wangu, ila nimecheka. Ni sawa na msichana ambaye hajachezwa kuimba nyimbo za unyagoni mbele ya makungwi! Mlio, rangi, ishara ya mkono, hivyo ni vya aliyeingia tu. Kule kwa mwenzako ukitaka kuingia unajiandikisha hadharani. Huku nia unaiweka moyoni, unaonekana kwenye shughuli zao za kujitolea, wao ndio wanakuona.

Sababu iko kwenye historia. Weusi walifungiwa mlango, wakajenga vyao: fratiniti ya Alpha Phi Alpha pale chuo cha Cornell 1906, sororiti ya AKA (Alpha Kappa Alpha) pale chuo cha Howard 1908. Delta (Delta Sigma Theta), sororiti nyingine, walianzishwa Howard Januari 1913, na Machi walikuwa barabarani Washington kwenye maandamano ya kudai kura ya wanawake. Mama mwambie hata Nkrumah alikuwa Phi Beta Sigma, kimojawapo cha hivyo tisa.

Kipanga77
Mkuu, ukimwambia hivyo ndiyo ataamini kabisa ni freemason 😂

Dada_Houston
Mimi niliingia nikiwa nimeshahitimu, na watoto wawili, kupitia tawi la watu wazima. Kwa hiyo usikimbizwe. Upande wa mwenzako maisha yenyewe ni ile nyumba, na wengi wakimaliza chuo zinabaki picha. Kwetu matawi mengi hayana hata nyumba, lakini kikaoni nakaa na mama wa miaka 70 na bado analipa ada. Mnaoingia pamoja mnaitwa "line". Siku ya kutolewa mnasimama mstari mmoja, nyuso zimefunikwa, mnataja waanzilishi kwa majina bila kukwama. Mimi nilikwama kwa wa tano, magoti yakatetemeka. Na ukishaingia kimoja huhamii kingine.

Kipanga77
Msimpambie. Mateso ya kuingizwa yapo kote, kule pombe, huku kipigo. Mpaka Desemba 2024 ikasainiwa sheria ya kuvilazimisha vyuo kutangaza matukio hayo. Binti, ukiambiwa "njoo usiku, usimwambie mtu", usiende. Halafu wauguzi mna chenu, Sigma Theta Tau, cha tangu 1922. Kile kinaangalia maksi.

Bint_Makorora
Asanteni sana. Rush nimemwambia mwenzangu aende peke yake, amenuna kidogo. Alhamisi wale dada wa kantini wana kikao cha wazi cha maelezo. Niende, au sura imeshachafuka? Na nivae nini?

Dada_Houston
Nenda. Gauni jeusi, viatu vya kufunika. Rangi zao usizivae, hata kwenye hereni.

Bint_Makorora
Nilikuwa nimeshanunua hereni 🙈