Naomba ushauri: bosi anataka nimpenyezee mshiriki majibu

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtayarishaji msaidizi wa kipindi cha chemsha bongo kwenye televisheni, mwaka wa tatu sasa. Juzi bosi alinivuta pembeni, kadi za maswali mkononi: "Yule dada watazamaji wanampenda. Mpitishe kwenye hizi kabla hatujarekodi." Nikajifanya sijamwelewa.

Nayajua yaliyomkuta Dan Enright, mtayarishaji wa kipindi cha chemsha bongo cha Twenty-One kule Marekani. Mshiriki wake, Charles Van Doren, alikiri mbele ya Bunge mwaka 1959 kwamba alipewa majibu. 1960 sheria ya huko ikapiga marufuku kuwapa washiriki majibu kisiri. Enright alisota miaka mingi kabla ya kurudi.

Mkataba wangu unakaribia kuisha (bosi ndiye anayeusaini!). Nikatae kwa maandishi, au nimwone kwanza mwanasheria wa kituo? Mliopitia haya mlifanyaje?