Mrejesho: Nimekubali nafasi ya programu ya biashara ya wanafunzi bora

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri kama nikubali nafasi niliyopewa katika programu ya biashara ya wanafunzi bora, kwenye chuo kikuu kimoja cha Marekani, au nibaki hapa Nairobi nisomee Shahada ya Biashara huku nikifanya mitihani ya uhasibu ya CPA ya KASNEB, bodi ya mitihani ya Kenya. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu. Nimeamua kwenda.

Wengi mliuliza nani atalipa, na hilo ndilo lililoamua. Barua ya ufadhili iliyofika baadaye inagharimia karo na malazi kwa miaka yote minne, mradi nidumishe wastani wa alama uliowekwa. Bila barua hiyo ningebaki, kwa sababu viza ya F-1 humruhusu mwanafunzi kufanya kazi chuoni kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na kipato hicho hakiwezi kulipa karo ya mgeni; wala nisingekubali wazazi wangu wauze shamba kwa ajili yangu.

Kuhusu ajira, mhitimu mwenye viza hiyo huruhusiwa kufanya kazi huko Marekani miezi 12, na miezi 24 huongezwa kwa fani za sayansi na teknolojia pekee. Kwa hiyo nitasomea uchanganuzi wa data za biashara, ambao chuo kimenithibitishia kuwa umo katika kundi hilo. CPA nitaifanya nikirudi, kwani nia yangu ni kufanya kazi nyumbani.

Yamebaki mahojiano ya viza katika ubalozi wa Marekani, Gigiri. Aliyeyapitia karibuni anieleze, tafadhali, nyaraka za ufadhili alizoombwa.