Wauza fidla wa mjini, mnatuuzia vyombo au mapambo ya ukutani?

Wakuu salaam. Hili dukuduku nimekaa nalo muda, leo nalitema. Mods naombeni mada hii ibaki hapahapa, msiipeleke kule jukwaa la burudani ikafie huko.

Hivi nani aliwadanganya wenye maduka ya vyombo vya muziki hapa Dar kwamba fidla inatoka kwenye boksi ikiwa tayari kupigwa? Mpwa wangu kanunuliwa ya kwake, ile ya kawaida ya mbao, laki nne na nusu. Siku ya pili analia, eti vidole vinauma na mwalimu kamwambia hana kipaji. Nikaishika mwenyewe. Nyuzi ziko juu kama kamba za kuanikia nguo! Pale ubao wa vidole unapoishia, uzi mwembamba wa mi unatakiwa uwe juu ya ubao kama milimita 3.5, na ule mnene wa sol 5.5 hivi. Kwa hii ya mpwa wangu, kidole kinapita chini ya uzi bila kugusa kitu. Mtoto atakandamizaje hapo?

Daraja ndio kichekesho. Kile kibao kinachobeba nyuzi kinaletwa kinene, hakijachongwa. Ni kazi ya fundi kukipunguza, kuchonga miguu yake ilale sawasawa na mwinuko wa ubao wa juu wa fidla, na kukipa mviringo juu ili upinde, ile fimbo ya kupigia, uguse uzi mmoja mmoja. Cha kwake kimenyooka juu, ukivuta uzi wa re unapiga na uzi wa la humohumo.

Nikaitikisa. Kok, kok, kok ndani. Jamani, kijiti kimeanguka! Kwa wasiojua: ndani ya fidla, karibu na mguu wa daraja upande wa uzi wa mi, kuna kijiti kimesimama kati ya ubao wa juu na wa nyuma. Hakigundishwi, kinashikwa na mbano tu. Ndicho kinachopeleka mtikisiko nyuma, na ndicho kinachozuia ubao wa juu usibonyee kwa mzigo wa nyuzi. Nikarudi nayo dukani. Jamaa ananijibu, huku anachezea simu: "Bosi, hicho ni kipande cha mbao kimesahaulika kiwandani, hakina shida."

Kimesahaulika!

Tena ule ubao wa vidole uliotakiwa kuwa mti mgumu mweusi ni mbao nyeupe iliyopakwa rangi, vidole vya mtoto vinatoka na masizi. Na sisi ndio wenye mpingo, unatoka Kilwa na Lindi unakwenda nje kutengenezewa klarineti. Tuyaache hayo, nitapandwa na presha.

Basi kuona nimekuja juu, akaleta dawa yake: "Ongeza laki mbili uchukue ya umeme, ile haina usumbufu. Hata rozini haitaki." Wakuu, nilicheka kwa hasira. Ya umeme haina tumbo lenye uwazi ndani, sawa, kwa hiyo kijiti haihitaji. Lakini nyuzi ni zilezile, daraja ni lilelile na mviringo wake, na upinde usiopakwa rozini, ule utomvu mkavu wa mti, unateleza tu kwenye uzi, sauti hakuna. Umeme hauvuti upinde.

Na hata ukiinunua, hawakwambii kwamba kile kinasa cha piezo kilichokaa kwenye daraja, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, hakipatani na kila tundu. Ukichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya ukumbini, sauti inatoka nyembamba, kavu, inakwaruza, na fundi mitambo anazidi kukunyima besi. Inahitaji kiongeza nguvu cha kati (preamp) chenye ukinzani mkubwa pale waya unapoingilia, kama megaomu 1, yaani omu milioni moja. Kifaa kidogo tu, lakini uliza dukani uone watakavyokutolea macho.

Tuna fidla tangu enzi za akina Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab kilichoanzishwa 1905 huko Unguja. Hakina vyuma vya kugawa sauti kama gitaa, ndiyo maana kinafika kwenye zile sauti za katikati za maqamu, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ambazo kinanda cha kawaida hakizipati. Leo vikundi vya taarab vimejaza vinanda, na watoto wanaotaka kujifunza fidla wanauziwa vimeo halafu wanaambiwa hawana kipaji.

Kurudishiwa hela? Nikaonyeshwa kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Sasa naomba vitu viwili. Muuzaji yeyote uliyemo humu, jibu bila kuzunguka: dukani kwako kuna mtu anayejua kusimamisha kile kijiti? Na mwenye kumjua fundi wa kuchonga madaraja, Dar au Unguja, aniambie anachukua shilingi ngapi. Asiwe seremala wa makabati tafadhali, wa mwisho niliyemwona alifunga ufa wa fidla ya rafiki yangu kwa supa gluu.