Mjadala: Je, utafiti wa umma usimamiwe na wanasayansi wa kuazimwa au na watumishi wa kudumu?

Ndugu wasomaji, hoja ninayoiweka mezani ni hii: mtu anayeamua ni utafiti upi upewe fedha za umma awe mtumishi wa kudumu wa serikali, au awe mwanasayansi aliyeazimwa na chuo chake kwa miaka michache, kisha arejee maabarani? Sisi wa Nairobi linatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 ilituundia Hazina ya Kitaifa ya Utafiti, na hazina hiyo ni lazima isimamiwe na mtu. Wanaotaka wahadhiri waazimwe wana mfano mzuri wa kuutaja, nao ni programu ya Marekani ya utafiti wa ncha za dunia.

Programu hiyo iko chini ya Taasisi ya Kitaifa ya Sayansi ya Marekani, NSF, ambayo ndiyo inayoendesha vituo vitatu vya mwaka mzima huko Antaktika: McMurdo, Palmer na Amundsen-Scott. Baadhi ya wasimamizi wanaopokea maombi ya watafiti, kuyapeleka kwa wahakiki na kupendekeza yapi yafadhiliwe si waajiriwa wa kudumu. Wengi wa hao huja kwa sheria ya 1970 inayoruhusu serikali kuu kuazimana watumishi na vyuo vikuu. Msomi hubaki kuwa mwajiriwa wa chuo chake, NSF hurejesha mshahara, na muda wake, ambao kwa kawaida hauzidi miaka miwili mwanzoni, unaweza kuongezwa hadi minne.

Faida yake naikubali bila kusita. Mtu aliyewahi kulala hemani juu ya barafu na kuona mtambo wa kuchimbia ukikwama ataisoma ratiba ya andiko la utafiti na kutambua mara moja kwamba siku zilizotengwa hazitoshi. Aliyeketi ofisini miaka ishirini huenda asilione hilo, hata awe mwadilifu kiasi gani. Isitoshe, sayansi hubadilika upesi, na kiti kinachopata mtu mpya kila baada ya miaka michache hupata pia maswali mapya.

Hata hivyo, Antaktika haiendi kwa kalenda ya mikataba yetu. Katika kituo cha Amundsen-Scott, kilichoko Ncha ya Kusini, safari za kawaida za ndege husimama kuanzia katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Oktoba, na lililosahaulika kupakiwa hungoja msimu ujao. Mafuta ya McMurdo huletwa kwa meli wakati wa kiangazi cha kule, kwa hiyo hesabu yake hupangwa mapema mno. Chukueni utafiti wa Thwaites, barafu kubwa ya Antaktika Magharibi, uliotangazwa na Marekani na Uingereza mwaka 2018 kama kazi ya miaka mitano: janga la korona lilivuruga misimu yake, na msimamizi ambaye angeazimwa mwaka 2017 angekuwa ameondoka kufikia 2021, hata akiongezewa muda wote unaoruhusiwa, huku kazi ikiendelea. Ahadi alizowapa watafiti kuhusu ndege na vifaa zingebaki mikononi mwa nani?

Wapo watakaosema kwamba hayo ni ya Wamarekani. Basi tutazame juu ya Mlima Kenya. Barafu ya Lewis ni miongoni mwa barafu za tropiki zilizochunguzwa kwa muda mrefu zaidi. Ramani yake ya 1934 ikilinganishwa na vipimo vya 2010 inaonyesha kwamba takriban asilimia 90 ya ujazo wake ilikuwa imetoweka. Lakini vipimo vya kila mwaka vya kiasi cha barafu kinachoongezeka na kinachoyeyuka, vilivyoanza mwaka 1978, vilikatika 1996 na kurejea 2010. Miaka hiyo kumi na minne hakuna awezaye kwenda kuipima sasa. Linaniuma hilo, kwa sababu barafu yenyewe inaelekea kwisha, nasi hatukuwa na kiti cha kudumu ambacho kazi yake ingekuwa kuhakikisha kwamba vipimo haviachwi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba aliyeazimwa apewe kazi ya kupima ubora wa sayansi, lakini usalama wa watu, mikataba ya usafiri na utunzaji wa data za muda mrefu visitoke mikononi mwa watumishi wa kudumu. Naongeza kwamba anayeondoka na anayeingia wafanye kazi pamoja kwa miezi kadhaa, si kukabidhiana faili siku ya mwisho.

Gharama si hoja ya kupuuzwa, maana hata huko NSF mkaguzi wao mkuu amewahi kuihoji, kwa kuwa mshahara wa profesa aliyeazimwa unaweza kuzidi wa mtumishi wa kawaida. Zito zaidi kwangu ni mgongano wa maslahi. Kule msimamizi hashughulikii maombi ya chuo kilichomtuma, na hilo linawezekana katika nchi yenye vyuo vingi. Hapa kwetu fani kadhaa zina wataalamu wachache mno, na anayeomba fedha huenda ndiye aliyesimamia tasnifu ya anayezigawa. Katika fani kama hizo ningependa wahakiki watoke nje ya nchi, hata kama itachelewesha majibu.

Wahadhiri mlioko hapa, naomba mlianze hili la kwanza: kama mngeitwa kesho kwa miaka mitatu, je, chuo chenu kingewahesabia miaka hiyo katika kupandishwa cheo, na wanafunzi wenu wa uzamifu wangebaki na nani?